Bwawa la mazoezi nyuma ya nyumba Lubumbashi: mwongozo kamili wa kuchagua muundo

Mabwawa mengi ya nyumbani hapa Lubumbashi yamejengwa ili watu wakae pembeni yake. Yana umbo la figo, ngazi pana upande mmoja, kina cha kumzamisha mtu mzima upande wa pili, na taa za rangi za kupendeza wageni. Kwa sherehe ya Jumapili hayana kasoro. Kwa mtu anayetaka kuogelea kilomita 2 kabla ya kwenda kazini ni mateso. Ukuta uliopinda haugeukiki, ngazi iko palepale mguu unapotafuta pa kusukuma, na Juni ikifika maji yanakuwa baridi hata bwawa linalala hadi Septemba.

Bwawa la mazoezi ni refu, jembamba, limenyooka, sakafu yake ni tambarare na linafunikwa kila siku. Msimamo wetu ni huu: fedha ziende kwanza kwenye urefu, kisha kwenye kifuniko, na mashine zije mwisho. Wauzaji hupenda kuanza na mashine. Usiwakubalie.

Hatua ya kwanza: urefu

Mwogeleaji wa kawaida akisukuma ukuta vizuri husafiri karibu mita 4 kabla ya kupiga mkono wa kwanza. Katika bwawa la mita 10, hizo ni nne kati ya kumi: karibu nusu ya mazoezi yako inafanywa na ukuta, na saa inakudanganya kwamba una kasi. Katika bwawa la mita 16.67 sehemu hiyo inashuka hadi chini ya robo, na kwenye mita 25 ni asilimia 16. Hesabu pia mageuko. Kilomita 2 ni urefu 200 (yaani mara 200 kutoka ukuta hadi ukuta) katika bwawa la mita 10, 160 katika la mita 12.5, 120 katika la mita 16.67 na 80 katika la mita 25.

Chini ya mita 12 mabega hayapati nafasi ya kushika mdundo. Ukiwa na nafasi ya mita 10 tu, soma sehemu ya tangi fupi hapa chini kabla ya kumwita fundi.

Sasa chagua urefu unaoingia vizuri katika mita 100. Mafundi hupenda mita 15 kwa sababu ni namba nzuri ya kupima kwa kamba, lakini mita 100 katika bwawa hilo inaishia katikati ya maji, baada ya urefu 6 na theluthi mbili. Mita 12.5 inakupa urefu 8 kwa mita 100. Mita 16.67 inakupa 6, na mita 50 inakuwa 3. Mita 25 inakupa 4. Hata mita 20, inayogawanyika vizuri, ina kasoro ndogo: mita 100 ni urefu 5, kwa hiyo unamaliza upande wa pili, mbali na saa na chupa yako ya maji. Si jambo kubwa, lakini ukifanya seti ya mita 100 mara kumi utaliona.

Parseli, yaani kiwanja chako, ndiyo inayoamua. Usichimbe karibu na ukuta wa uzio kuliko kina cha shimo lenyewe. Shimo la bwawa hili lina karibu mita 1.85, kwa hiyo acha angalau mita 2 kutoka kwenye msingi wa uzio au wa nyumba, la sivyo udongo chini ya msingi unaporomokea shimoni. Kwenye parseli ya mita 20 kwa 30, bwawa la mita 16.67 linakaa vizuri kando ya upande wa mita 30. Ukilazimika kulilaza kwenye upande wa mita 20, shuka hadi mita 12.5. Mita 25 inawezekana kando ya mita 30, ila italichukua eneo lote la upande huo, na maji yatafika mita za ujazo 84.

Katika hesabu zote zinazofuata tumechukua bwawa la mita 16.67 kwa 2.5, kina mita 1.35. Eneo la uso wake ni karibu mita za mraba 41.7, na maji yake mita za ujazo 56.

Hatua ya pili: upana, kina na kuta za kugeukia

Njia ya mashindano ina upana wa mita 2.5, na kipimo hicho kinafaa nyumbani pia. Mtu mzima akiogelea kipepeo anafungua mikono karibu mita 2, na anahitaji nafasi ya kuyumba kidogo bila kukwaruza vidole. Mita 2.2 inavumilika kwa kroli peke yake. Wakiwa wawili wanaofuatana kwa mzunguko, kila mmoja akishika kulia kwake, weka mita 3.5 au zaidi. Usiongeze upana "kwa usalama tu". Kila nusu mita ya ziada hapa ni mita za ujazo 11 za maji ya kujaza, kuchuja na kupasha joto.

Kina kiwe kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho: mita 1.30 hadi 1.40. Chini ya mita 1.10, anayebiringika kugeuka anaweza kugonga kichwa au visigino. Zaidi ya mita 1.50 unalipia maji yasiyokusaidia. Kina cha mita 1.35 hakimruhusu mtu kuruka kwa kichwa kutoka pembeni. Andika katazo hilo kwenye ukingo na uwaambie wageni kabla hawajavua viatu.

Kuta mbili za mwisho ndizo kiwanda chako. Ziwe wima kabisa, zisiwe na skima (tundu la ukutani linalovuta majani na uchafu wa juu ya maji), taa, bomba la kurudisha maji wala ngazi. Vitu hivyo vyote viende kwenye kuta ndefu. Ngazi ichongwe ndani ya ukuta mrefu, au ijengwe kama kijumba kidogo nje ya njia. Weka karo (vigae) zenye uso wa kukwaruza kwenye kuta hizo kuanzia ukingo hadi sentimita 80 chini ya maji, kwa sababu karo laini iliyoota utelezi hukosesha mguu na kuumiza kisigino. Chora pia msalaba wa karo nyeusi katikati ya kila ukuta, ili jicho lipime umbali kabla ya kubiringika.

Sakafuni weka mstari mweusi wa upana wa sentimita 25, unaoishia mita 2 kabla ya ukuta kwa kipande cha kukatiza chenye urefu wa mita 1. Ndivyo ilivyo kwenye mabwawa ya mashindano, na mwili wako utazoea alama zilezile. Sakafu yenyewe iwe ya rangi nyepesi. Sakafu nyeusi inapasha maji joto kidogo, ni kweli, lakini inaficha mstari, inaficha uchafu, na jambo baya zaidi, inamficha mtoto aliyezama.

Kwa wanaoogelea mgongo: funga nguzo mbili kila upande na kamba ya bendera, mita 5 kutoka ukutani, mita 1.8 juu ya maji. Mhimili wa bwawa uelekee kaskazini na kusini kadiri parseli inavyoruhusu. Jua la saa kumi na mbili na nusu asubuhi halitakupiga machoni moja kwa moja.

Tangi fupi na mashine ya mkondo

Swali hili huulizwa sana, kwa sababu tangi la mita 5 kwa 2.4 lina maji mita za ujazo 16 tu na linaingia popote. Kuna njia mbili za kuogelea ndani yake bila kwenda popote: mkanda wa mpira unaofungwa kiunoni, au mashine inayotengeneza mkondo.

Tazama hesabu ya mashine. Kuogelea mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 40 ni mwendo wa mita 1 kwa sekunde. Ili maji yakimbie kwa mwendo huo kwenye nafasi yenye upana wa mita 1 na kina cha nusu mita, lazima mita za ujazo 1,800 zipite kila saa. Mashine za jeti za bei ya kati zina pompa za makumi kadhaa tu ya mita za ujazo kwa saa. Zinachotoa ni mchirizi mwembamba wenye nguvu, uliojaa mapovu, unaokupiga bega moja na kukusukuma pembeni. Mwogeleaji anajikuta anapigana na mchirizi badala ya kuogelea. Mashine za propela zenye mdomo mpana hutoa mkondo laini zaidi, lakini bei yake ni nyingine kabisa.

Halafu kuna umeme. Mashine ya kilowati 3 au 4 inahitaji umeme kila dakika unayokuwa majini, na nyingine zinataka fazi tatu. Delestaji (umeme kukatwa kwa zamu) ikija, mazoezi yamekwisha. Volteji ikishuka jioni, mota inavuta ampea nyingi, inapata moto na kuungua nyaya za ndani. Ukiamua kuinunua licha ya hayo, weka kifaa cha kulinda mota dhidi ya volteji ya chini na fazi iliyokatika, na hakikisha jenereta lako linaweza kuiwasha mota, kwa maana wakati wa kuwaka inavuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake.

Mkanda wa mpira haugharimu sana na hauhitaji umeme. Ufunge kwenye nguzo imara nyuma yako, ncha ikiwa angalau mita 1 juu ya maji ili kamba isipige miguu. Mkanda ukae kwenye nyonga. Ukipanda juu ya kiuno unavuta mgongo. Mazoezi yanapimwa kwa dakika badala ya mita, na mgeuko utaufanyia kwingine. Kwa mwenye parseli ndogo, tangi na mkanda ni chaguo la heshima kuliko bwawa la mita 9 lenye umbo la figo.

Hatua ya tatu: joto la maji

Hapa ndipo mabwawa ya Lubumbashi hushindwa. Mji uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kati ya Mei na Agosti anga ni safi, hewa kavu, upepo unavuma, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka hata chini ya digrii 10. Maji yasiyofunikwa yanaweza kushuka chini ya digrii 20. Mazoezi mazuri yanataka digrii 25 hadi 28.

Adui mkubwa ni maji kupaa kama mvuke. Kila lita inayopaa huondoka na nishati ya karibu kilowati-saa 0.68. Bwawa letu likipoteza milimita 5 kwa siku, hizo ni lita 208, yaani karibu kilowati-saa 140 za joto zinazopotea kila siku. Sasa chukua mashine ya kupasha (pompa ya joto) ya kilowati 12 unayoiwasha saa 8 za mchana: inatoa kilowati-saa 96. Bila kifuniko haifiki popote, hata ukiiwasha mwezi mzima. Ndiyo maana tumesema kifuniko kabla ya mashine.

Kifuniko kinachofaa ni bashi ya viputo (turubai la plastiki lenye viputo vya hewa) ya mikroni 400 au 500, viputo vikitazama chini, iliyokatwa ikafuata kuta bila pengo. Hapa wembamba wa bwawa unakulipa: bashi ya upana wa mita 2.5 inazungushwa kwenye rola na mtu mmoja, kwa dakika chache. Ile ya bwawa la mita 6 inahitaji watu wawili, na kinachohitaji watu wawili saa kumi na moja asubuhi hakifanyiki. Rola iwekwe nyuma ya ukuta mmoja wa mwisho, umbali wa kutosha usigonge mkono wakati wa kugusa. Bashi iliyokunjwa juani hujipika yenyewe, kwa hiyo ifunike kwa kitambaa cheupe. Usiitandaze juu ya maji yaliyotoka tu kutiwa klorini nyingi, maana viputo vinakauka na kupasuka mapema.

Baada ya kifuniko, jua. Mabomba meusi ya polietilini yaliyotandazwa juu ya paa la mabati, maji ya bwawa yakipita ndani yake mchana, ndiyo njia ya bei nafuu. Eneo la mabomba liwe kati ya mita za mraba 25 na 40 kwa bwawa hili. Paa litazame kaskazini, kwa sababu mwezi wa Juni jua la saa sita linakaa upande huo, digrii 55 hivi juu ya upeo. Weka valvu ya kuyakata mabomba hayo kabla ya jua kuzama. Ukisahau, yatafanya kinyume: usiku mzima yatatoa joto la bwawa na kulipeleka angani.

Pompa ya joto inakuja ya tatu, kwa anayetaka uhakika. Kupandisha mita za ujazo 56 kwa digrii 1 kunahitaji kilowati-saa 65 za joto, kwa hiyo kutoka digrii 20 hadi 26 ni karibu 390. Mashine ya kilowati 12 itachukua siku nne au tano za mchana, kama bashi iko juu. Iwashe mchana tu. Hewa ya usiku wa Julai ni baridi, na mashine inayovuta joto kutoka kwenye hewa baridi inatumia umeme mwingi kwa faida ndogo. Hita ya umeme ya kawaida usiifikirie.

Hatua ya nne: udongo

Kabla ya kuchora chochote, chimba mashimo matatu ya majaribio, kina mita 2.5: mawili kwenye ncha na moja katikati ya bwawa litakapokuwa. Yachimbe Februari au Machi, mvua ikiwa imeshiba ardhini, uone maji yanasimama wapi. Ukichimba Agosti utaona ukavu, na ukavu huo utakudanganya.

Vichuguu vikubwa vya Katanga kila mtu anavijua. Parseli nyingi zilisawazishwa juu ya kichuguu, na udongo wake haufanani na laterite (udongo mwekundu mgumu) iliyo kando. Bwawa la mita 17 likilala nusu juu ya udongo wa kichuguu na nusu juu ya laterite ngumu, upande mmoja unatitia kuliko mwingine, na ufa unatokea katikati ya sakafu. Mashimo matatu yakionyesha udongo tofauti, sogeza bwawa, au toa udongo laini wote na ujaze kokoto iliyoshindiliwa kwa tabaka za sentimita 20. Angalia pia fosi ya choo (shimo la maji taka) iko wapi. Ya kwako na ya jirani.

Tatizo la pili ni bwawa kuelea. Watu hawaamini mpaka waone. Ganda la betoni la bwawa hili, lenye kuta na sakafu za sentimita 20, lina karibu mita za ujazo 21.6 za betoni, uzito wa tani 54. Maji ya ardhini yakipanda hadi usawa wa ukingo, yanalisukuma juu kwa nguvu ya takribani tani 84. Likiwa limejaa, halina shida. Ukilimwaga maji Februari ili kuosha karo, linaweza kuinuka na kuvunja mabomba yote. Dawa ni hii: chini ya sakafu weka kokoto sentimita 10, ndani yake bomba lenye matundu, na lipeleke kwenye kisima kidogo cha ukaguzi pembeni, bomba la milimita 200 linaloshuka chini kuliko sakafu. Kabla ya kumwaga bwawa, tazama kisimani. Kuna maji? Yavute kwanza kwa pompa, au subiri Agosti.

Hatua ya tano: ganda

Shimo lenye nafasi ya nusu mita pembeni kwa ajili ya mbao za fomu litatoa mita za ujazo 130 za udongo, ambazo zikichimbuliwa zinavimba hadi karibu 160. Kubaliana na mwenye lori mapema, na uulize udongo unapelekwa wapi.

Juu ya kokoto mwaga betoni safi ya sentimita 5. Kisha nondo (feri): mhandisi ndiye anayezihesabu, lakini mara nyingi utaona nyavu mbili za milimita 10 kila sentimita 15, zikiwa zimeachwa sentimita 4 hadi 5 kutoka uso wa betoni. Nondo iliyogusa fomu itapata kutu, itavimba, na itasukuma karo zianguke. Betoni ni ya kilo 350 za saruji kwa mita ya ujazo, yaani mifuko 7 ya kilo 50, jumla mifuko 151. Nunua 160.

Makosa yanayorudi kila mara ni mawili. La kwanza ni kuongeza maji ili betoni iteleze vizuri kwenye fomu. Maji ya ziada yakikauka yanaacha vitundu, na bwawa litavuja jasho miaka yote. Tumia sindano ya kutetemesha badala ya mpira wa maji. La pili ni kiungo kati ya sakafu na ukuta. Kama haimwagwi vyote siku moja, lazima pawe na mkanda wa kuzuia maji katika kiungo hicho. Skima, mabomba na vifereji vya sakafuni vifungwe kwenye nondo kabla ya kumwaga. Kutoboa ukuta baadaye ni kuomba uvujaji.

Kipimo cha urefu ni cha bwawa lililokamilika. Lipu ya sentimita 2, gundi na karo vinakula karibu sentimita 3.3 kila upande. Fomu ya ndani kwa hiyo iwe mita 16.74, si 16.67. Fundi asipoambiwa hili, utaogelea mita 16.60 ukidhani ni zaidi.

Hewa ya kiangazi inakausha betoni haraka mno. Ifunike kwa magunia yaliyolowa na uyamwagilie kwa siku 7 hadi 10. Subiri siku 28 kabla ya karo. Katikati ya hapo jaza maji siku 7 na ufanye jaribio la ndoo: weka ndoo yenye maji juu ya ngazi, usawa wa maji ndani na nje uwe sawa, na upime baada ya saa 24. Bwawa likishuka kuliko ndoo, linavuja. Vikishuka sawa, ni jua tu.

Hatua ya sita: mzunguko wa maji

Lengo ni maji yote kupita kwenye kichujio kila saa 6: pompa ya mita za ujazo 9 hadi 10 kwa saa, kichujio cha mchanga cha kipenyo cha milimita 600. Pompa kubwa kuliko hiyo haisafishi zaidi. Inasukuma uchafu upite katikati ya mchanga. Bomba la kuvuta liwe la milimita 63, la kurudisha 50. Wengi huweka 50 kote, na pompa inapiga kelele kwa kukosa maji.

Skima mbili kwenye ukuta mrefu, upande ambao upepo wa kiangazi unasukumia majani. Vifereji viwili sakafuni, si kimoja, vikiwa vimeachana zaidi ya mita 1, ili mtu akiziba kimoja kwa mwili asinaswe na nguvu ya kuvuta. Usawa wa maji uwe sentimita 8 hadi 10 tu chini ya ukingo. Katika bwawa jembamba mawimbi yanarudi haraka, na ukuta mrefu juu ya maji unayafanya yakupige usoni.

Pompa ndogo kama hiyo inakula takriban kilowati-saa 6 kwa saa 8, na paneli za jua zinaweza kuiendesha mchana bila kusubiri umeme wa mji. Chumba chake kiwe angalau mita 3.5 kutoka majini, kikiwa na disjonkta diferansiyeli (swichi inayojikata umeme ukivuja) ya miliampea 30 na waya wa ardhi uliopimwa. Taa za majini ziwe za volti 12. Na uzio wa mita 1.20 wenye mlango unaojifunga wenyewe usiahirishwe hadi "fedha zikipatikana".

Maji ya kujaza yapimwe kabla. Mengi ya foraje (kisima kirefu kilichotobolewa) hutoka safi machoni na kubadilika yakikutana na klorini. Chukua ndoo nyeupe ya lita 10, tia gramu 1 ya klorini ya unga, iache hadi kesho. Yakigeuka rangi ya kutu, kuna chuma. Yakielekea weusi, manganizi. Kijani angavu, shuku shaba, ambayo katika ardhi hii si ajabu. Maji ya namna hiyo yapitishwe kwanza kwenye tangi la kuyapa hewa na kuyatuliza, au ujaze kwa maji ya Regideso (shirika la maji la taifa) na kuacha ya foraje kwa bustani.

Kila siku: klorini huru miligramu 1 hadi 3 kwa lita, pH 7.2 hadi 7.6. Kupandisha klorini kwa miligramu 2 katika bwawa hili ni gramu 170 hivi za unga wa asilimia 65. Uyayushe kwenye ndoo ya maji kwanza. Usichanganye kamwe aina mbili za klorini katika chombo kimoja, hata kikiwa kikavu, kwa sababu zinaweza kuwaka. Ukisafiri wiki tatu, mtu abaki akiwasha pompa. Bwawa lililosimama mwezi Januari linazalisha mbu wa mtaa mzima.

Ratiba na mkataba

Mashimo ya majaribio Februari au Machi, kuchimba mwishoni mwa Aprili au Mei, betoni Juni, jaribio la maji Julai, karo Agosti, kujaza Septemba kabla mvua hazijaanza kushuka na tope. Sakafu ya nje ikae na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea mbali na bwawa, na ukingo uwe sentimita 10 juu ya ua, la sivyo mvua ya kwanza kubwa itamimina udongo mwekundu wote ndani.

Katika mkataba andika mambo manne kwa namba: urefu wa ndani baada ya karo, tofauti inayovumiliwa isiyozidi sentimita 1, jaribio la ndoo la saa 24 mara mbili (kabla na baada ya karo), na kwamba asilimia 15 ya malipo inabaki hadi vipimo hivyo vifanyike mbele yako. Pima urefu kwa utepe wa chuma, si wa kitambaa unaonyumbuka, na upime mara tatu: kushoto, katikati na kulia, kwa sababu ukuta wa mwisho uliopinda hata kidogo hutoa majibu matatu tofauti.